Pikapu Iliyokosa Pumzi

Kijiti cha kupimia oili kilikuwa kimechomoka chenyewe. Waiyego alikikuta kikining'inia kando ya injini, na oili imetapakaa kila mahali: juu ya betri, kwenye mikanda, mpaka upande wa ndani wa boneti. Alikuwa amesimama kando ya barabara itokayo Kapseret, asubuhi yenye baridi ya kung'ata masikio, umande bado umelalia mahindi, na nyuma ya pikapu mitungi ya maziwa ya watu ilikuwa imepangwa, ikimngojea yeye aamue.

Hakupiga yowe, wala hakumpigia mtu simu. Alikipangusa kijiti kwa pembe ya leso yake, akakirudisha mahali pake, akakifunga kwa kipande cha mpira wa blada kama watu wa boda boda wanavyofunga mizigo. Kisha akapanda na kuwasha injini.

"Leo utafika," aliiambia ile pikapu. "Utake usitake."

Ilifika, lakini kwa shida. Nyuma yake moshi wa samawati ulitanda barabarani hadi mwenye lori akampigia honi kwa hasira. Na kwa kuwa alikuwa ameiziba oili huku, ilijitafutia njia kule. Alipoegesha mbele ya hoteli ya kwanza mjini, matone meusi yalikuwa yakidondoka mbele ya injini, tap, tap, kama ng'ombe aliyekamuliwa vibaya.

Kazi ile ya maziwa ilikuwa imeanzishwa na mumewe, Ndungu. Yeye alikuwa fundi wa malori kwa miaka mingi, na alipochoka kulala chini ya magari ya watu, alinunua pikapu kuukuu, akaifufua kwa mikono yake mwenyewe, akaanza kukusanya maziwa ya wafugaji wadogo wa Kapseret na kuyapeleka kwenye hoteli za Eldoret. Kisha mwaka uliopita, msimu wa mvua ndefu, alikuwa akinawa mikono ale chakula cha jioni, na birika ya maji ikamponyoka. Kiharusi. Upande wa kulia ukafa, ulimi ukawa mzito. Waliajiri dereva kwa miezi kadhaa, naye siku moja akaacha funguo mezani na kupotelea Kitale. Ndipo Waiyego, mwanamke mwenye wajukuu, akaenda kujifunza kuendesha gari pamoja na vijana waliomaliza shule juzi. Majirani zake wa Yamumbi walicheka. Yeye alienda hivyo hivyo, akapata leseni, na tangu hapo hakuna siku maziwa ya Kapseret yalilala kwa kukosa mtu wa kuyachukua.

Alipomaliza kugawa maziwa siku ile, aliendesha polepole hadi mtaa wa Pioneer, kwa fundi wake Cyril.

Cyril alikuwa na gereji ndogo ya mabati nyuma ya duka la mbao. Alikuwa mtu wa kutoka pande za ziwani, mwenye maneno machache na mikono safi kuliko mafundi wote aliowajua Waiyego, kwa sababu alinawa kila alipomaliza kushika kitu. Alifungua boneti, akatazama, akaguna.

"Mama, hii sili ya mbele, mpira wa kuzuia oili, nimeibadilisha mara mbili," alisema. "Ningekuwa mwizi ningebadilisha ya tatu, wewe ulipe, uende, urudi tena. Lakini sitaki kukula pesa yako bure."

"Basi shida ni nini?"

"Ring zimekwisha, zile pete za pistoni. Moto unapita kando ya pistoni, moshi unajaa huku chini kwa tumbo la injini, unasukuma oili nje. Hata nikiziba hapa, itatokea pale." Alishusha sauti, akijua anamwambia mtu jambo zito. "Hiyo ni injini ya kutafutiwa ingine. Ama uuze gari kama bado inatembea."

"Nikiuza, maziwa nitabeba kwa kichwa?"

Cyril alifunga boneti. Alinawa mikono.

Akiwa njiani kurudi nyumbani simu yake ililia. Alikuwa Jepkemboi, mfugaji wa Kapseret aliyekuwa na ng'ombe wengi kuliko wafugaji wengine aliowachukulia maziwa, na rafiki yake pia. Sauti yake haikuwa na furaha. Alimweleza kwamba kuna kijana mwenye gari jipya aliyepita kwa wafugaji akiomba kuchukua maziwa yao, na kwamba watu wameanza kusema mama wa Yamumbi anachelewa, gari lake linatoa moshi kama jiko la kuni mbichi.

"Mimi nimewaambia wangoje," alisema Jepkemboi, aliyemwita kwa jina la mtoto wake. "Lakini Mama Mwihaki, maziwa haijui kungoja. Hii wiki tu. Ikipita, mimi sitakuwa na cha kuwaambia."

"Hii wiki inatosha," alijibu Waiyego, ingawa hakujua inatosha kufanya nini.

Nyumbani alimkuta Ndungu mahali alipomwacha, kwenye kiti chake sebuleni, redio ikiongea peke yake. Pazia la dirisha linalotazama uani lilikuwa limefungwa. Yeye ndiye aliyeamuru hivyo tangu atoke hospitalini. Hakutaka kuiona ile pikapu ikiondoka na kurudi bila yeye, na hakutaka wapita njia wamwone alivyokuwa. Daktari alikuwa amesema azungumze kila siku, ulimi utalegea. Hakuzungumza. Alitikisa kichwa kwa ndiyo na kufumba macho kwa hapana, na siku zikapita.

Waiyego alijitupa kwenye kochi akavua viatu. Hakuwa amepanga kumweleza, lakini moyo ulikuwa umejaa, ukafurika. Alimweleza yote: kijiti kilivyochomoka, oili ilivyohama kutoka huku kwenda kule, sili zilizobadilishwa, Cyril, ring, injini nyingine. Alieleza huku akitazama dari. Aliponyamaza alisikia kimya cha ajabu, akageuka. Ndungu alikuwa amezima redio.

"Pu..." alisema. Mishipa ya shingo ilimsimama. "Pu-mzi. Kosa pumzi."

Waiyego aliruka kama aliyeumwa na siafu. "Ngai! Baba Mwihaki! Pumua!" Alimfungua vifungo vya shati, akasukuma dirisha likafunguka hadi mwisho, akavuta pazia. "Pumua polepole! Nisubiri, naita mtu wa boda tukupeleke hospitali!" Alikuwa tayari amefika mlangoni, miguu mitupu, aliposikia kishindo nyuma yake. Ndungu alikuwa ameshika mkongojo kwa mkono wa kushoto, akiupiga mezani kwa nguvu hata kikombe kikaanguka na kuvunjika.

"Si mimi!" alinguruma. "Ga-ri! Gari!"

Waiyego alisimama mlangoni akihema. Ni yeye sasa aliyekosa pumzi.

"Gari inakosa pumzi?"

Ndungu alitikisa kichwa: ndiyo, ndiyo, ndiyo.

"Ungeanza na neno gari basi!"

"Lina... chelewa," alisema, akionyesha mdomo wake kwa kidole.

Waiyego alikaa sakafuni akaanza kuokota vigae vya kikombe. Lakini alikuwa amesikia. Tangu birika ianguke, mumewe hakuwa amesema maneno mengi kama yale kwa siku moja.

Kesho yake asubuhi alikodi boda boda za kubeba maziwa, akasimamia mwenyewe mpaka mitungi yote ikafika hotelini, kisha akarudi nyumbani. Alitoa kiti cha plastiki uani, akaweka mto, akaingia ndani.

"Twende."

Ndungu alifumba macho.

"Usinifumbie macho. Umesema gari inakosa pumzi. Mimi sijui pumzi ya gari inakaa wapi. Utanionyesha."

Alimshika kwapani, akamwinua, na kwa hatua za kuburuta wakatoka nje. Majirani wawili waliokuwa wakipita walisalimu, "Mzee, habari ya siku nyingi," wakaendelea na safari yao. Dunia haikuanguka. Ndungu aliketi kando ya pikapu, jua la asubuhi likimpiga usoni, akaitazama injini iliyolowa oili kwa namna mtu anavyomtazama mtoto wake aliyepigana shuleni.

Neno la kwanza alilosema lilikuwa "glavu."

Walikuwa na boksi la glavu za mpira, zile za hospitali. Waiyego alizitumia kumwosha mumewe, na wote wawili walijua hivyo, na kwa kawaida Ndungu alizichukia hata kuziona. Sasa alizitaka mwenyewe. Kwa maneno ya kukatika na kidole cha mkono wa kushoto, alimwelekeza: awashe injini, afungue kifuniko cha kumiminia oili, avike glavu kwenye ule mdomo na kuishika kwa kidole isitoke.

Waiyego alifanya hivyo. Mara glavu ikaanza kujaa. Vidole vilisimama kimoja kimoja, ikavimba, ikawa mkono mzima ulioinuka kutoka kwenye injini, ukitetemeka, hadi ikamponyoka na kuruka kwenye nyasi. Kutoka mdomo ule moshi ulitoka kwa mipigo, pu, pu, pu.

"U-naona," alisema Ndungu. "Tumbo... limejaa."

Ilimchukua muda kumweleza, na Waiyego alijifunza kungoja kila neno lifike. Cyril alikuwa amesema kweli kwamba moshi hupita kando ya pistoni na kuingia chini kwenye tumbo la injini. Lakini hiyo hutokea kwa kila injini, hata iliyo mpya. Kwa sababu hiyo kila injini hutengenezewa njia ya kupumulia: paipu ya mpira na vali ndogo, vinavyonyonya ule moshi kutoka tumboni na kuurudisha juu ukachomwe tena, na paipu nyingine inayoleta hewa safi kutoka kwenye chujio la hewa. Mafundi huita njia hiyo briza. Ikiziba, moshi hauna pa kutokea. Tumbo huvimba, na oili hutafuta mlango wake yenyewe: kwenye sili, kwenye gasketi, kwenye kijiti.

"Na ukiweka sili mpya?" aliuliza Waiyego.

"I-napasuka tena."

"Kwa hivyo tunatibu jasho na homa tumeiacha."

Ndungu alitikisa kichwa, na upande mmoja wa mdomo wake ukainuka kidogo.

Walianza. Waiyego alilegeza vibano kwa bisibisi, akachomoa paipu ya vali. Ilikuwa imekauka kama ngozi iliyoanikwa juani, na alipoikunja ikapasuka. Ile vali yenyewe ilikuwa ndogo, inatosha kiganjani.

"Tikisa," alisema Ndungu. Aliitikisa. "I-nalia?"

"Hailii."

"Lazima ilie."

Aliiweka kwenye kopo la mafuta ya taa ilainike, akageukia paipu ya pili, ile ya chujio la hewa. Alipoivuta aliona kitu kinang'aa ndani. Aliingiza kidole. Kilikuwa chuma. Alikaza macho, akashangaa: mtu alikuwa amechomeka bolti nzima ndani ya paipu na kuibana kwa nje ili isitoke.

Alimpa mumewe aione. Uso wa Ndungu ulikunjamana kwa hasira. Vali ilipokwama, oili ilianza kurudi nyuma na kulowesha chujio la hewa, na yule dereva aliyepotelea Kitale, badala ya kuuliza, aliziba paipu kwa bolti ili chujio likae kavu. Ilikuwa ni kama kumziba mtu mdomo kwa sababu anakohoa. Ndungu alitafuta neno la kumwita yule dereva, na kwa mara ya kwanza neno likatoka bila kukwama hata kidogo. Si neno la kuandikwa hapa.

Vali ilipolala kwenye mafuta ya taa hadi chai ya saa nne, ililia: tiki, tiki. Walirudisha kila kitu, ile paipu iliyopasuka wakaifunga kwa utepe wa nailoni kwa muda. Waiyego aliwasha injini na kuvika glavu nyingine.

Ilivimba. Polepole kuliko mwanzo, lakini ilivimba. Vidole vitano vikasimama tena.

Waiyego alizima injini. Alipomtazama mumewe aliona lile jambo analoliogopa: uso ulikuwa umefungwa tena kama mlango.

"Cyril... kweli," alisema Ndungu. "Ring. Nirudishe... ndani."

"Hatujamaliza."

"Ndani."

"Kama unataka kuingia, ingia," alisema Waiyego.

Alijua hawezi kusimama peke yake. Alijutia maneno yale yalipokuwa bado hewani, lakini hakusogea kumsaidia. Aligeuka, akaegemea pikapu kwa mikono miwili, akaikodolea injini kana kwamba ni mtu wanayezozana. Aligusa paipu ya vali, akaifuata kwa kidole hadi inapoanzia. Akagusa ya pili, akaifuata pia. Akarudia.

"Baba Mwihaki," alisema bila kugeuka. "Hizi paipu zote mbili zinatoka kwa hiki kifuniko cha juu. Tumesafisha paipu. Je, ndani ya kifuniko kuna nini?"

Kuku alipita chini ya gari.

"Bati," alisema Ndungu nyuma yake, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Ku-na bati. Ya... kuchuja oili. Imefichwa." Kisha, kwa hasira ya kujikasirikia: "Kichwa changu! Nili-sahau!"

"Kichwa chako kiko sawa. Spana gani?"

Kufungua kile kifuniko kuliwala mchana. Ndungu hakumruhusu kulegeza nati moja hadi mwisho. Alichora msalaba hewani kwa mkono wa kushoto, huku kidogo, kule kidogo, ili kifuniko kisipinde. Nati moja iligoma. Waiyego aliipaka mafuta, akaipigapiga kwa nyundo ndogo, akaivuta, akaning'inia kwenye spana kwa uzito wake wote, akasaga meno. Ilipokubali, alianguka kwa makalio. Aliinuka akajipangusa, akaendelea.

Alipogeuza kifuniko juu chini, ndipo wote wawili walipoona. Chini ya bati, kila mwanya ulikuwa umejaa uji mzito, wa kijivu, wenye chembe nyeusi.

Wakati uo huo boda boda ilisimama langoni na Jepkemboi akashuka. Alikuwa amekuja mjini kununua dawa ya kupe, akaamua kupitia aone mambo yamefika wapi. Aliingia uani, akasimama ghafla. Hakuona gari kwanza, alimwona Ndungu.

"Mzee!" alisema. "Uko nje!"

"Ni-ko kazi," alisema Ndungu.

Jepkemboi alikaribia, akachungulia kile kifuniko mikononi mwa rafiki yake, akakunja uso. "Na hii mursik mmeitoa wapi?"

Kweli ilifanana na maziwa yale yaliyogandishwa kibuyuni pamoja na masizi, ila hakuna mtu ambaye angeuonja uji ule. Ndungu aliwaeleza, taratibu: ni maji. Asubuhi za Eldoret ni baridi, na pikapu haikuwahi kwenda mwendo mrefu wa kupata moto vizuri. Kila siku ilikuwa ni kuwasha, kusimama kwa fulani, kuzima, kuwasha tena. Mvuke tumboni hugeuka maji, maji huchanganyika na oili, mchanganyiko hupanda na kuganda kwenye bati. Mwezi kwa mwezi, mpaka hakuna tundu.

Waiyego alijaribu kuusafisha kwa bisibisi na kitambaa, lakini mianya ilikuwa myembamba na bati lilikuwa limechomelewa, halitoki. Jepkemboi alimtazama akihangaika, akacheka.

"Wewe hujawahi kuosha kibuyu. Ngoja." Alirudi kwa mtu wa boda boda, wakaondoka, na baadaye akarudi kutoka sokoni na kile kijiti chenye ncha iliyopondwapondwa ikawa kama brashi, ambacho wanawake wa kwao hutumia kusugulia ndani ya vibuyu. Alivua koti lake, akakunja mikono ya sweta. Mmoja alimimina mafuta ya taa, mwingine alisugua, na uji wa kijivu ukawa unatoka vipande vipande na kudondoka kwenye gazeti. Waliukabili mpaka Waiyego alipopuliza kwa mdomo kwenye tundu moja na kuhisi pumzi yake mwenyewe ikitokea kwenye tundu la pili.

"Inapita!" alipiga kelele. "Inapita!"

Jepkemboi alipoondoka alisema tu, "Nitawaambia wangoje," na mara hii sauti yake haikuwa na wasiwasi.

Zilibaki paipu mpya na gasketi ya kifuniko. Ndungu alimwonya asinunue paipu ya maji; oili huila ikawa laini kama mkate uliolowa. Lazima iwe ya oili. Waiyego alikwenda Pioneer na ile bolti mfukoni, akaiweka kwenye meza ya Cyril.

Cyril aliigeuzageuza. Alisikiliza habari yote bila kukatiza, akanawa mikono, akachukua sanduku lake la vifaa. "Nakuja mwenyewe," alisema.

Alipofika Yamumbi alimwinamia Ndungu kidogo na kumsalimu kwa mkono wa kushoto, jambo ambalo Waiyego alilishukuru moyoni. Walifunga kifuniko na paipu mpya pamoja, yeye na Waiyego, msalaba kwa msalaba, Ndungu akisimamia. Kisha Cyril akachomoa plagi na kuichunguza kila silinda kwa kifaa chake cha kupimia nguvu. Alichukua muda wake.

"Mzee, nitasema ukweli," alisema alipomaliza. "Ring zimechoka, hapo sikudanganya. Hii silinda ya nyuma iko chini kidogo. Itakula oili, lazima Mama awe anapima kila asubuhi na kuongeza. Lakini haijakufa. Nilisema imekufa na haijakufa."

"Mzee," alisema Ndungu, akijigusa kifua, kisha akaielekeza injini. "Kama... mimi."

Cyril alicheka, akalala chini ya gari kubadilisha ile sili. "Ya tatu," alisema kutoka huko chini. "Na hii ikitoka, mimi narudi kwetu kuvua omena."

Cyril alipotoka chini ya gari, Waiyego aliwasha injini. Alivika glavu, akaishika kwa kidole. Glavu ilitulia, ikalegea, kisha ikanyonywa taratibu ndani ya ule mdomo, kidole kwa kidole, kama inavyoingia mkononi mwa mtu. Hakuna moshi. Hakuna pu, pu, pu. Cyril alipiga makofi mara moja tu, kwa nguvu. Machozi yalimtiririka Ndungu upande ule ambao bado ulikuwa na hisia, naye hakujaribu kuyafuta.

Asubuhi iliyofuata, Waiyego alipokuwa akipanga mitungi mitupu, aliona mumewe amesimama mlangoni, amejishikilia kwa mkongojo, na kofia kichwani.

"Na-enda," alisema.

"Kuna baridi."

"Na-enda."

Alimpandisha kwa shida, akamfunga mkanda. Walikusanya maziwa Kapseret nyumba kwa nyumba, na kila lango walilosimama watu walitoka kumsalimu Ndungu, hadi wakachelewa. Pikapu ilipanda mwinuko bila kutapika, na kijiti kilikaa mahali pake bila blada. Lakini walipofika njia panda ya kugeukia mjini, Ndungu alinyoosha kidole mbele.

"Moja kwa moja."

"Mjini ni huku."

"I-pate moto. Endesha... mbali. Ikauke."

"Na maziwa?"

"Maziwa... baridi. Hai-haribiki. Moja kwa moja!"

Waiyego alikaza taya, akaenda moja kwa moja. Barabara ilikuwa nyeupe na tupu. Ndungu alisikiliza injini kwa muda, kisha akaanza: gia, amechelewa. Klachi, anaikalia. Mbona anakaba usukani kama shingo ya kuku? Ongeza. Punguza. Gia! Kila neno lilitoka kwa taabu, na yeye aliyatoa tu bila huruma, kama mtu aliyeweka akiba mwaka mzima.

Waiyego alivumilia mpaka hakuweza. Alisimamisha pikapu kando ya barabara, akavuta breki ya mkono kwa nguvu.

"Ndungu! Mimi nimeendesha hii gari miezi yote hii peke yangu. Kwa mvua, kwa matope, na bolti imeiziba pumzi. Kama unajua kuliko mimi, shuka uje huku uendeshe wewe!"

Walitazamana. Injini iliunguruma kwa utulivu chini ya boneti. Ndungu alitazama mkono wake wa kulia uliolala pajani, akatazama usukani, akamtazama mkewe aliyefura kama glavu ya jana, na akaanza kucheka. Kilikuwa kicheko kilichopinda, cha upande mmoja, kikwamacho kama maneno yake, lakini kilikuwa chake, kile kile alichokuwa nacho walipokuwa vijana. Waiyego alijaribu kubaki na hasira. Alishindwa.

"Gia," alisema Ndungu alipopata pumzi. "Ya kwanza. Ta-ratibu."

"Najua ya kwanza ni gani," alisema Waiyego, akaitia.